Jiwe la Kusemea Matusi

Mtu wa miaka arobaini na saba akisema amestaafu, watu wa Goma humcheka. Wanauliza: ulistaafu wapi, muzee, na pensheni anakupa nani? Hakuna pensheni. Nilistaafu kwa sababu baraza nililoliandikia lilivunjika. Wajumbe walitawanyika, mbao za ukumbi ziling'olewa zikawa kuni, na kaye zangu tisa, madaftari ya kuandikia, nilizifunga kwa kamba nikazipeleka kwa dada yangu anayekaa Himbi. Ameziweka juu ya kabati, na kila nikipita ananiuliza atazitupa lini.

Nawaandikia ninyi vijana ambao kartie zenu, mitaa yenu, zimeanza tena kukaa mabaraza, na ambao mmepewa biki kwa sababu mlimaliza sekondari na mwandiko wenu unasomeka. Ndivyo na mimi nilivyoipata kazi. Hakuna aliyeniuliza kama najua kusikiliza.

Baraza letu lilikuwa Munigi, na kazi yake ilikuwa moja: ugomvi wa maneno. Wezi walipelekwa polisi, na mambo ya mipaka ya mashamba yalikuwa na wazee wake. Kwetu alikuja mtu aliyetukanwa, aliyesengenywa, aliyelaaniwa na shangazi, aliyeambiwa mbele ya wakwe kwamba amezeeka hajajenga. Mwenyekiti alikuwa muzee Bauma, Muhunde mmoja mrefu aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi zamani. Alikuwa na sikio moja zima na moja bovu, na alijua ni lipi la kumgeuzia nani.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza niliandika: "Mushitakiwa alimtukana jirani yake." Akasoma, akanirudishia kaye.

"Alimutukana vipi?"

"Vibaya, muzee."

"Vibaya si neno. Andika mudomo ulitoa nini. Wewe si padiri, hatukukuweka hapa ufiche zambi za batu."

Basi mshitaki alitakiwa kurudia neno lenyewe, bila kulizungukia. Lakini kwetu, kurudia tusi mbele ya watu ni kutukana upya, na zamani ugomvi ulianza tena papo hapo ukumbini. Ndiyo maana kulikuwa na jiwe. Lilikuwa jiwe la volkano kama mengine yote tunayojikwaa nayo, jeusi, lenye matundu, ukubwa wa ngumi. Ukilishika mkononi, neno unalolisema si lako, ni jiwe linasema. Ukiliweka mezani, kila kinachotoka mdomoni ni chako na utakilipia kuku.

Desturi nzuri, ila watu ni watu. Papa Kasereka, mshona viatu wa pale barabarani, aliitwa kueleza alivyomwambia shemeji yake. Akashika jiwe, akasema yale ya siku ya ugomvi, kisha akaendelea. Ukoo mzima wa shemeji ukapita: bibi, babu, mbuzi wao, mlango wao usiofunga. Muzee Bauma akamgeuzia sikio zima.

"Papa Kasereka, ile ya mbuzi uliisema siku ile?"

"Hapana, muzee. Ile jiwe limeikumbuka sasa."

Tangu siku hiyo ikawa sheria: anayeshika jiwe anaanza na "nilisema" au "alisema" na anamaliza na "basi." Baada ya basi, jiwe linarudi mezani.

Kwa miaka ile nilijifunza maneno makali kama seremala anavyojifunza mbao. Tusi lenyewe, lile la mama na la mwili, ni kama mafuta ya kukaangia sambaza, dagaa wa ziwani: yanaruka, yanaunguza, kesho kuna alama ndogo na kesho kutwa hakuna. Waliotukanana kwa sauti niliwaona wakirudi nyumbani njia moja. Kejeli ni ngumu kuandika, kwa sababu mara nyingi haina maneno. Mtu anaiga mwendo wa kiwete, au anaiga lafudhi ya aliyeshuka vilimani, na wote wanacheka. Hiyo andika kwa vitendo: alitembea hivi, alivuta mdomo hivi. Kitisho kinakuja kwa sauti ndogo. Muzee Bauma alikuwa akisema, "Yule anapiga kelele amechoka. Yule anasema polepole 'hakuna shida, tutaonana,' huyo umuandike vizuri, na upige mustari." Na liko neno linalomfananisha mtu na mdudu au nyoka, au linalomwambia arudi kwao. Hilo msiliite utani hata siku moja, hata kama msemaji anatabasamu na amemnunulia mwenzake soda. Tumezika watu wengi mno nyuma ya neno hilo.

Katika ukurasa wa kwanza wa kila kaye nilibandika orodha ya muzee: Matusi. Vitisho. Kashfa. Laana. Chini kabisa kulikuwa na mahali pa tano, pamebaki padogo kwa sababu karatasi iliisha: Ya nyumbani. Hapo tulitupa vile vitu vya kila siku, mke amesema ugali una madonge, mume amenuna. Havikuwa na faini. Na mimi, kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, vya pale niliviandika kwa kifupi.

Sasa niwaambie juu ya Mama Sifa.

Ulikuwa ule mwaka watu wa Masisi waliposhuka kwa wingi kukimbia vita, wakiwa na godoro kichwani na kuku kwapani. Familia za Munigi ziliwapokea. Mama Kavira, mjane mwenye asili ya Butembo aliyekuwa akiuza makala, makaa ya kupikia, alimwokota Mama Sifa barabarani saa sita mchana pamoja na mtoto wake wa kike, Sifa, wa miaka mitano. Hakuna aliyemwomba. Aliwaona wamekaa juu ya mawe, akasema, "Mutoto ataungua na hii jua, mukuje." Akawapa chumba cha watoto wake, watoto wake akawalaza sebuleni. Andikeni hilo kwanza, kwa maana nisipolisema nitakuwa namsema vibaya mwanamke aliyefanya ambacho mimi sikufanya. Mimi nilikuwa na vyumba viwili na nilikuwa peke yangu.

Miezi ikapita minane. Nyumba ya mbao ya vyumba viwili, wanawake wawili, watoto watano. Shefu wa avenue alikuwa amelipatia baraza letu kazi mpya: mgeni akiumizwa kwa maneno katika nyumba iliyompokea, tumwandikie barua ahamie familia nyingine. Wenye nafasi walikuwepo, wawili watatu, majina yao nilikuwa nayo. Lakini barua ilitaka sababu, na sababu ilikuwa lazima iwe moja ya yale manne ya juu.

Mama Sifa alikuja asubuhi moja ya jua kali. Alikaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Mama Kavira alikaa benchi la pili, mikono bado myeusi kwa makala.

Muzee Bauma akauliza, "Mama Sifa, alikutukana?"

"Hapana, muzee."

"Alikutisha? Alikupiga?"

"Hapana."

"Sasa amesema nini?"

Mama Sifa akashika jiwe. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, tukainama mbele kumsikia.

"Alisema hivi. Juzi tulikuwa tunakula. Akafungua kopo ya chumvi, akaangalia mu ndani, akasema: 'Heee! Ata chumvi ya hii nyumba imejifunza kukimbia vita.' Basi."

Ukumbi ulilipuka. Niwaambie ukweli, lilikuwa neno zuri. Mama Kavira alikuwa na mdomo huo, pale sokoni watu walinunua makala kwake ili wamsikie. Papa Kasereka alipiga mapaja. Muzee Bauma mwenyewe alijifanya anakohoa. Na mimi, sekreteri, nilicheka mpaka nikaweka biki chini nikafuta macho.

Mtoto pale mapajani alikuwa akiangalia midomo yetu, mmoja baada ya mwingine.

Mama Kavira akasema, naye akicheka kidogo kwa aibu, "Muzee, ni masihara tu. Niliwaokota ku njia na hii mikono. Sasa nisicheke mu nyumba yangu?"

"Ni siku moja tu?" muzee akamuuliza Mama Sifa.

"Siku ingine anasema mutungi ulikuwa unakaa siku tatu, sasa siku moja. Siku ingine anauliza mutoto: 'Kwenu bananyonya chumvi kama bonbon?' Siku ingine hasemi, anaangalia tu mukono yangu ikienda ku sahani." Akageuza jiwe kiganjani. "Hanitukani, muzee. Afazali angenitukana mara moja, nilie, tumalize. Munipe barua niende kwingine. Sitaki alipe kuku. Alinipokea."

Hili lina jina katika Kiswahili, na nililijua tangu shuleni. Ni simango. Ni kumkumbusha mtu alichokula kwako kikiwa bado kiko mdomoni mwake. Halina neno chafu hata moja ndani yake. Unaweza kulisema mbele ya padiri. Na aliyesimangwa hana jibu, kwa sababu kilichosemwa ni kweli: chumvi iliisha, na ni yeye aliyeila.

Muzee Bauma alinigeukia. "Sekreteri, hii tunaiweka wapi?"

Nilitazama orodha. Matusi, hapana. Vitisho, hapana. Kashfa, hapana. Laana, hapana. Kicheko kilikuwa bado kiko kifuani.

"Ya nyumbani, muzee."

Nikaandika, kwa kifupi kama kawaida yangu ya pale: "Masihara juu ya chumvi. Wamepatana." Maneno matano. Neno lenyewe sikuliandika, ingawa nilikuwa nimefundishwa siku ya kwanza kuliandika. Barua haikutoka.

Mama Sifa aliweka jiwe mezani taratibu sana, kama anaweka yai.

Siku ya tatu nilikutana naye njiani asubuhi, na wanawake wawili, kila mmoja na gunia tupu limekunjwa kichwani. Wiki ile ilisemekana kule juu Masisi kumetulia, na watu wengine walikuwa wanapanda hadi kwenye mashamba yao, wanachimba haraka, wanashuka. Nilimwamkia.

"Mama Sifa, munaenda wapi?"

"Ku shamba yangu. Kuko viazi, kuko maharage kama hawajavuna. Nitarudia na chakula yangu, sekreteri. Ata chumvi nitanunua."

"Na mutoto?"

"Nimemuacha kwa Mama Kavira. Ni siku tatu."

Nilimwambia safari njema. Ndiyo yote niliyosema. Nimetembea sana tangu hapo, na mahali pengi nimesimama katikati ya njia nikilisema tena lile ambalo ningesema: mama, rudi, njoo kwangu, kuna chumba.

Wale wawili walirudi bila yeye. Walisema walikuwa wameshachimba karibu wamalize, risasi zikaanza upande wa pili wa kilima, wao wakalala chini. Yeye alikuwa ameinama kwenye tuta, na hakuinuka tena. Hawakuweza kumzika, walimfunika na majani ya migomba. Gunia lake lilikuwa limefika nusu. Walilibeba kwa zamu mpaka Sake, na kutoka Sake mpaka Munigi, wakalikabidhi kwa Mama Kavira mlangoni, kwa sababu hawakujua kulipeleka wapi pengine.

Viazi vile havikupikwa. Vilikaa pembeni mwa nyumba mpaka vikaota.

Kikao kilichofuata, Mama Kavira alikuja peke yake. Alikuwa amenawa mikono. Alikaa benchi la mshitakiwa, na benchi la pili lilikuwa tupu.

"Nani amekushitaki, mama?" muzee Bauma akauliza.

"Hakuna. Nimekuja muandike."

Muzee akamsogezea jiwe. Alilitazama, akalirudisha kwa kidole.

"Bila jiwe. Nilisema mimi."

Akasimama, akasema: "Ata chumvi ya hii nyumba imejifunza kukimbia vita." Yalikuwa maneno yale yale, ya mtu yule yule mwenye mdomo wa sokoni, katika ukumbi ule ule, na Papa Kasereka alikuwa pale pale. Nilisikia bati la paa likilia kwa jua.

"Ni kuku ngapi?" akauliza.

Muzee Bauma alifungua ukurasa wa kwanza wa kaye, akapitisha kidole juu ya orodha yake mwenyewe toka juu mpaka chini, akarudia.

"Mama, hii haina kuku."

"Basi muitafutie."

Hatukuitafutia, kwa sababu faini yake haipo. Nililiandika neno lote kama lilivyotoka, na chini ya Ya nyumbani, pale ambapo karatasi ilikuwa imeisha, nilibandika kipande kingine nikaandika Masimango. Muzee alikitazama kile kipande kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

Kuanzia hapo nilifanya kazi vizuri zaidi, na haya niliyoyajua kwa kuchelewa nawapa ninyi mapema. Mtu akija kushitaki neno, muulizeni alikuwa ameshika nini mkononi alipolisikia. Akijibu alikuwa ameshika kikombe au tonge, wekeni biki vizuri, neno hilo lina uzito mara mbili. Muulizeni pia anaishi wapi, na kama ana pengine pa kulala leo, maana tusi kwa mwenye nyumba na tusi kwa asiye na nyumba si tusi moja. Msiamini orodha yoyote, hata ya mzee mnayempenda. Ikiwa neno halipati mahali pake, tatizo ni la karatasi. Na ukumbi wote ukicheka, acheni kuandika, inueni macho, mtafuteni ambaye hacheki. Kesi ni ya huyo.

Baraza lilidumu miaka mingine mingi, na lilipovunjika mimi nilianza kuzunguka. Butembo, Bunia, Uvira, mwaka mmoja Kampala nikiuza vitenge na kuulizwa kila siku nitarudi lini. Sijui kukaa. Popote nilipo nakumbuka ukumbi ule wa mbao, vumbi la mawe kwenye viatu vya watu, kikohozi cha uongo cha muzee Bauma, Mungu amrehemu. Nilikuwa sijui kwamba ndipo nilipokuwa nyumbani.

Mwezi uliopita nilipanda Munigi. Nyumba ya Mama Kavira bado ipo, amebadilisha mbao za mbele. Amezeeka, na mdomo wake umetulia. Watoto wake wamekwenda. Aliyebaki naye ni Sifa, ambaye sasa ni msichana wa miaka kumi na saba, anasoma, anamwita mama, na ndiye anayepika.

Nilikaribishwa chakula. Sombe ya majani ya muhogo, ugali, sambaza chache. Sifa alipakua sahani yangu na ya mama yake kutoka sufuria moja, na yake kutoka kisufuria kidogo pembeni. Nikadhani anaumwa.

Alipotoka kwenda kuleta maji, Mama Kavira alisema bila kunitazama, "Hakulaka chumvi. Toka ile wakati. Nilimubembeleza, nikamupiga, nikapeleka kwa munganga. Munganga anasema hana ugonjwa. Anatoa chakula yake kwanza, mbele niweke chumvi." Kopo lilikuwa mezani, jipya, limejaa. "Nanunuaka mingi, papa. Kila soko. Inajaa tu."

Baada ya kula nilitoka nje kufunga kamba za viatu. Sifa alikuja kumwaga maji machafu, akasimama karibu nami na beseni tupu kiunoni. Ana sauti ndogo, ya mama yake aliyemzaa, ilinibidi niiname mbele.

"Papa, ni wewe ulikuwa unaandika kule ku baraza?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa mutoto, lakini nakumbuka. Batu bote balicheka." Alihamisha beseni upande wa pili. "Na wewe ulicheka?"

Katika kaye zangu tisa kila kitu kimo, hata mbuzi wa shemeji yake Papa Kasereka. Hilo halimo.

Pale Munigi mawe hayakosekani. Yalikuwa chini ya miguu yangu yote miwili, meusi, yenye matundu, ukubwa wa ngumi. Sikuinama.

"Nilicheka," nikamwambia. "Mimi."